Makovu ya Kitabu cha Pili

Desemba iliyopita tulikuwa watatu juu ya turubai, uani kwangu hapa Nachingwea, tunabagua korosho za mwisho kabla hazijapelekwa ghala la chama cha msingi. Mimi, mjukuu wangu aliyekuwa likizo ya kidato cha tano, na jirani yangu Maalim, anayefundisha madrasa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Maalim huja kunisaidia kila msimu tangu nilipobaki peke yangu. Kazi ya kubagua ni ya macho na vidole, mdomo unabaki huru. Ndipo mjukuu akasema:

"Bibi, yule mwandishi angeishia kitabu cha kwanza. Cha pili amemharibu mtu wetu."

Mtu wao ni Paul, kijana wa riwaya ya Dune ya Mmarekani Frank Herbert. Mjukuu alianza na filamu zake mbili kwenye kibanda umiza, halafu shangazi yake wa Dar es Salaam akamletea vitabu vyenyewe. Cha kwanza, cha mwaka 1965, alikisoma kwa wiki moja, hata maji ya kuoga anasahau. Cha pili, cha mwaka 1969, alikitupa kitandani katikati, akakirudia, akakimaliza kwa hasira. Kijana aliyeshinda vita, ambaye watu wa jangwani walimwita Mahdi, katika kitabu cha pili ameketi kwenye kiti cha enzi na kuhesabu maiti. Watu bilioni 61 wameuawa kwa jina lake. Anapofuka macho. Mwisho anaingia jangwani peke yake, kipofu, kama desturi ya watu wale inavyowataka vipofu wao wafanye.

"Tulimpenda akiwa shujaa," mjukuu akasema. "Kwa nini asimwache pale pale?"

Maalim alikuwa ameishika korosho moja muda mrefu bila kuiweka daraja la kwanza wala la pili.

"Umesema walimwita nani?"

"Mahdi, Maalim."

"Hilo jina zito kwa kitabu cha hadithi." Akanyamaza kidogo. "Lakini mimi nasema hadithi ikishafungwa imefungwa. Sisi tunaamini unabii wenyewe ulitiwa muhuri. Sembuse kitabu cha mtu? Anayeongeza baada ya mwisho anakiri kwamba mwisho wake wa kwanza haukuwa mwisho."

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 34, Ruangwa kwanza, kisha hapa, na swali la mjukuu nimeliulizwa darasani mara nyingi kwa sura nyingine. Kitabu cha pili kina thamani gani? Je, mwandishi anayemrudisha mtu wake anafanya sanaa, au anauza tena kilichokwisha nunuliwa? Zamani nililijibu kama mwalimu wa fasihi, kwa maneno ya msuko na ukuzaji wa wahusika. Siku hizi siwezi kulijibu hivyo. Kuuliza kama hadithi iliyokwisha inaweza kuendelea, na ikiendelea iweje, ni kuuliza habari ya kifo na kinachofuata. Mimi kifo kimeingia nyumbani mwangu, kwa hiyo swali hili nalibeba kwa mikono miwili.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba korosho kwenda bandari ya Mtwara zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa msomaji kuliko walimu wengi niliofanya nao kazi, ila alichosoma ni habari za mpelelezi Willy Gamba tu. Chini ya kiti cha lori, kwenye mfuko wa plastiki pamoja na spana, alikuwa na vitabu vya Elvis Musiba: Kufa na Kupona cha mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi cha 1979, Njama cha 1981, Hofu cha 1988. Majalada yalikwisha kung'oka, akayabandika kwa gundi ya kuzibia tyubu. Foleni ya kushusha mzigo ikiwa ndefu, anasoma. Lori likiharibika njiani, anasoma akisubiri fundi. Akirudi ananisimulia, nami nikimsikiliza huku nimekunja uso, maana chuoni tulifundishwa kwamba hizo ni riwaya pendwa, na neno "pendwa" pale lilikuwa na maana ya kitu cha rafu ya chini.

Tulibishana miaka thelathini. Nilimwambia kwamba Gamba anajulikana atapona kabla hujafungua ukurasa wa kwanza, kwa sababu kitabu kinachofuata kimeshatangazwa. Alinijibu neno ambalo sijalisahau: "Mwalimu, wewe unataka kitabu kikuumize. Mimi barabara imeshaniumiza mchana kutwa."

Sasa natamka nilichokuwa sikitamki akiwa hai. Musiba alikuwa mwandishi hodari. Sentensi zake zinakimbia, lakini hazijikwai. Alichukua mapambano ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika, jambo ambalo magazeti yaliliandika kwa hotuba, akalitia ndani ya hadithi ambayo dereva, karani na mwanafunzi walipokezana mpaka kurasa zikalegea. Kufa na Kupona inaanza na nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi kuibwa Dar es Salaam, na Gamba anazifuata hadi Nairobi. Kwa msomaji wa Mwanza au Mbeya huenda hilo lilikuwa jambo la mbali. Kwetu halikuwa mbali hata kidogo. Nyaraka za kamati ile zilihusu watu tuliowaona kwa macho.

Nilizaliwa mwaka 1957. Kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa hapa, kwenye ardhi iliyobaki kutoka mradi wa karanga wa Waingereza. Serikali ya Uingereza iliuanzisha mradi ule mwaka 1947, ikauacha mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga ilikuja kung'olewa. Mashamba yalikuwa yamepewa namba, na namba moja imebaki kuwa jina la mahali hadi leo: Farm 17. Pale ndipo Samora Machel alipofundisha askari. Tukiwa watoto tuliuza mihogo ya kuchemsha kando ya barabara, na malori yalipopita usiku mama alituvuta ndani. Vijana waliovaa kofia za kijani walinunua mihogo, wakatutania kwa Kimakonde na kwa Kiswahili chenye maneno ya Kireno. Baada ya miezi michache hatukuwaona tena, tukaona wengine. Mama alikuwa na mteja mmoja aliyemlipa siku zote kwa sarafu ile ile ya thumni na kumwambia abaki na chenji. Siku aliyoacha kuja mama hakuuliza. Mto Ruvuma ulikuwa kule, na kila mtu alijua nini kiko ng'ambo yake.

Eduardo Mondlane aliyewaongoza aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Nimeishi na vitabu maisha yangu yote, na habari hiyo kila nikiikumbuka hunifanya nikae kimya.

Kwa hiyo nilipokuwa kijana na nikamsoma Gamba akitoka Nairobi salama, kisha Kinshasa salama, kuna kitu kilinigomea moyoni, na sikujua kukieleza. Si kwamba alipona. Watu hupona. Nilivyomsoma mimi, Gamba anakumbuka ushindi wake kuliko anavyokumbuka maumivu yake. Anaingia mji mpya kama mtu aliyezaliwa jana akiwa tayari mtu mzima, hodari, amevaa vizuri. Jina lenyewe linasema. Nyoka hujivua gamba, akatoka mpya, na gamba la jana linabaki kwenye majani halimhusu tena. Waliokwenda ng'ambo ya Ruvuma wakarudi hawakurudi hivyo. Yupo mmoja aliyeoa kijiji cha jirani, mkono wake mmoja hauna vidole vitatu, na kila mlango ukigongwa kwa nguvu anasimama.

Nilimweleza Maalim hayo. Akasema, "Basi tunakubaliana. Gamba angeishia kitabu cha kwanza."

Hatukukubaliana. Bibi yangu mzaa mama alitusimulia sungura kila usiku kwa Kimwera, na usiku mmoja sungura alikufa. Kobe alimshinda, akachomwa, akaliwa. Tulilia. Kesho yake usiku bibi akaanza: hapo zamani sungura na fisi walikuwa marafiki. Hakuna mtoto aliyeuliza amefufukaje. Sungura wa usiku wa pili si sehemu ya pili ya sungura wa usiku wa kwanza. Ni hadithi nyingine iliyoazima jina. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, naye ndivyo alivyo kwangu, na kiko chake na rafiki yake Najum. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960, zikafuata Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri na nyinginezo, na unaweza kuanza na yoyote. Sikuona kosa hapo. Napenda pia kwamba riwaya ya mwisho ya mfululizo huo, ya mwaka 1984, inaitwa Kosa la Bwana Msa. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kutokosea, mwandishi aliliweka kosa la mtu wake juu ya jalada.

Mume wangu alipotaka kujifariji barabarani, alikuwa anarudi kwa sungura wake, na nilikosa kumheshimu kwa hilo. Lawama yangu haiwahusu wanaosimulia upya. Inawahusu wanaotuambia kwamba huyu ni yule yule, ameendelea, halafu wanatuletea mtu asiye na alama hata moja ya yaliyompata. Arthur Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji mwaka 1893, wasomaji wakamlilia, akamrudisha mwaka 1903 kwa maelezo kwamba hakuwa amekufa kamwe. Wasomaji walifurahi. Mimi naiona kuwa hasara. Kifo kile kilikuwa kimeshaandikwa, kikafutwa kama hesabu ubaoni.

Maalim alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo lililogeuza mazungumzo yetu.

"Mwalimu, unaijua habari ya vijana wa pangoni?"

Naijua kidogo, maana hata Wakristo wa kale waliisimulia. Ila sijawahi kuisikia ikisimuliwa kama alivyoisimulia Maalim, mtu anayeisoma sura ya Al-Kahf kila Ijumaa. Vijana waliokimbia udhalimu wakalala pangoni miaka 300 na tisa juu yake. Walipoamka walidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Wakaona njaa, wakampa mmoja wao fedha waliyokuwa nayo aende mjini akatafute chakula kilicho safi.

"Ile fedha," Maalim akasema, akainua korosho kati ya vidole viwili kana kwamba ndiyo sarafu yenyewe. "Wao hawakujua kitu. Sura zao ni zile zile. Wasimuliaji wanatueleza kwamba aliyewatambulisha ni ile sarafu, sarafu ya mfalme aliyekwisha kufa. Bila sarafu, nani angewaamini kwamba wametoka upande wa pili?"

Nikamwambia kwetu sisi ni makovu. Katika Injili ya Yohana, Tomaso anakataa kuamini mpaka aone alama za misumari na atie mkono wake ubavuni. Nimesikia mahubiri mengi kanisani yakimlaumu Tomaso kwa imani haba. Siku zote namwona kuwa msomaji bora kuliko wenzake. Alijua la kuuliza. Hakuomba muujiza wala nuru. Aliomba majeraha, na Bwana hakumkemea kwa kuyaomba, alimwonyesha. Mwili uliofufuka ungeweza kuja laini, usio na doa, na Mungu hakushindwa kufanya hivyo. Ukaja na matundu.

Na tukizungumza vitabu hasa, Agano Jipya lina kitabu cha pili kilichoandikwa kwa makusudi. Luka aliandika Injili yake kwa Theofilo, kisha akamwandikia Theofilo huyo huyo Matendo ya Mitume, na anaanza kwa kukitaja kitabu cha kwanza. Nilimsomea mjukuu jioni ile ile. Nikamwonyesha kwamba Petro anayesimama mbele ya umati siku ya Pentekoste ni Petro aliyemkana Bwana wake mara tatu mbele ya moto wa uani. Luka hakumbadilisha mtu. Ujasiri wa Petro katika kitabu cha pili una uzito kwa sababu tunakumbuka woga wake katika cha kwanza. Kisha kitabu kinaishia Roma, Paulo yuko katika nyumba ya kupanga kwa miaka miwili akifundisha, na hatuambiwi kesi yake iliishaje. Luka hakuona haja ya kufunga.

Maalim alitabasamu. "Hayo ni yenu, Mwalimu. Lakini na sisi tumeambiwa kwamba siku hiyo midomo itafungwa, mikono ndiyo itasema na miguu itoe ushahidi. Mtu hafufuliwi mtupu. Anakuja na alichokifanya."

Hapo nikajua ninachoamini kuhusu kitabu cha pili, na nimekiamini zaidi kila nikikipima. Kina thamani pale tu kinapobeba majeraha ya kitabu cha kwanza. Shujaa akirudi bila makovu hajafufuka. Amenakiliwa.

Kwa kipimo hicho nikamgeukia mjukuu. Nikamwambia kwamba kitabu cha pili cha Herbert, ambacho yeye amekichukia, ndicho kilichonishika. Cha kwanza kilimpa kijana jina la Mahdi, kikampa watu wa kumfia, na sisi wasomaji tukashangilia vita yake bila kuuliza nani atazika. Cha pili kinaleta hesabu ya maziko. Wale bilioni 61 hawakuanzia kitabu cha pili. Walianza pale tulipokuwa tunashangilia. Herbert mwenyewe alisema mara kadhaa kwamba alitaka kuwaonya watu juu ya viongozi wanaoabudiwa. Aliendelea hadi kitabu cha sita, akafariki mwaka 1986, na mwanawe na mwandishi mwenzake wakaendeleza baada yake. Sivitetei vyote. Mimi nilichoka kwenye cha tatu. Lakini kile chembamba cha pili nakitetea mbele ya yeyote.

"Kwa hiyo Bibi unapenda watu waumie," mjukuu akasema.

Sauti ya babu yake ndiyo niliyoisikia.

Fasihi yetu ya Kiswahili haina riwaya nyingi za sayansi ya kubuni, lakini inao waandishi waliovuka mwisho wa dunia. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alianza kwa kuwaua watu wake. Rosa wa Rosa Mistika ya mwaka 1971 anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji ya mwaka 1974 anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975 ananyongwa. Nilivifundisha vitabu hivyo kwa wasichana wa kidato cha nne, na kila mwaka palikuwa na mmoja aliyebaki darasani baada ya kipindi kuniuliza kama ilikuwa lazima. Baadaye Kezilahabi akanyamaza katika riwaya muda mrefu, akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba, vigumu, ambavyo walimu wenzangu wengi walivikimbia. Katika Nagona msafiri anayejiita "mimi" anapita miji iliyokufa, anakutana na wanafalsafa wakubwa wa dunia, na pana tumaini la mkombozi wa pili. Mzingile inaendelea kutoka hapo, katika dunia iliyoteketea ambayo inabidi ianzishwe upya na watu wachache waliobaki.

Wapo wasomi wanaojadili kama Mzingile ni mwendelezo wa Nagona au ni vitabu viwili vinavyoongea. Mimi naviona vyote viwili kuwa mwendelezo wa Rosa na Kazimoto na Tumaini. Mwandishi aliyewazika vijana watatu hakuweza kurudi kuandika kijiji na shule na mapenzi kwa sentensi zile zile. Lugha yenyewe ilikuja imevunjika. Ukisoma Mzingile baada ya Kichwamaji unahisi kwamba aliyeshika kalamu ametoka msibani, na kwamba swali la yule msichana wa kidato cha nne lilimfikia naye. Hayo ndiyo makovu ninayoyasema. Yako kwenye sentensi. Kezilahabi alifariki Januari 2020, na naamini vitabu hivi viwili bado havijasomwa inavyostahili.

Mume wangu alifariki mwaka 2011. Siku arobaini zilipokwisha na watu wakatawanyika, nilichoweza kusoma ni Shaaban Robert tu. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini siku hizi vimo katika juzuu moja, na hapo pana mtu aliyeandika kitabu cha pili cha maisha yake mwenyewe. Katika cha kwanza alimpoteza mkewe, akamlilia kwa shairi ambalo wanafunzi wa nchi hii wamelisoma kwa vizazi. Cha pili kimeandikwa na mtu mwenye nywele nyeupe, anayetazama kustaafu na uzee. Nilikisoma nikitafuta kama alipona. Nilichokiona ni kwamba aliendelea. Aliamka, alifanya kazi, aliandika, alihesabu alichonacho na alichokosa, na sauti ni ya mtu aliyekwisha kuzika. Sikuwa na haja ya zaidi ya hapo.

Naamini ufufuo. Nimeusali tangu ubatizo. Lakini nikiufikiria siku hizi siombi mume wangu anijie mpya kama Gamba anavyoingia mji mpya. Mwaka 1994 lori lake lilichemsha karibu na Mtama, akafungua rejeta kabla haijapoa, maji yakamuunguza mkono wa kushoto kuanzia kiwiko hadi kiganja. Nilimfunga dawa mwezi mzima. Kovu lile lilikuwa na umbo la jani la mhogo. Akija bila hilo sitamjua, na sitajua kama ananijua. Nilimwambia Maalim hivyo, jioni ile, mjukuu amekwisha kwenda kulala. Aliinamisha kichwa, akasema mkono ule utakuwa na mengi ya kusema, yote mema, inshallah. Tukafunga magunia.

Yamenibaki maneno kwa wanaoandika. Mji huu wa Nachingwea una kitabu cha kwanza kilichosimuliwa mara nyingi: karanga zilizoshindwa, reli iliyong'olewa, kambi ya mashujaa, uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni 1975. Kila maadhimisho kinasomwa upya kama sungura wa bibi. Kitabu cha pili hakijaandikwa. Humo wangekuwamo wajane wa hapa walioolewa na wapiganaji na kuachwa. Angekuwamo Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, ambaye mwaka huo huo wa 1975, kabla ya bendera kupandishwa, aliletwa hapa Nachingwea pamoja na wengine, akasomeshwa makosa yake mbele ya halaiki, na baadaye wakauawa bila wananchi kutangaziwa. Angekuwamo na yule anayesimama mlango ukigongwa. Ukombozi ule naupenda na nilikua chini ya kivuli chake, na kwa sababu hiyo nataka uje na matundu yake mikononi.

Mwandishi kijana, kama unasoma haya, njoo. Kiangazi barabara inapitika bila shida, na nyumba yangu ina chumba. Maalim na mimi tutakupeleka kwa wazee waliobaki, wanaokumbuka majina na namba za mashamba. Wamekaribia themanini, wengine wamepita. Wawili kati ya niliowafahamu tumewazika mwaka huu.